Sikani Ikae Karibu na Machela



Ukitaja sikani mbele ya watu, wengi watafikiri habari za mama mjamzito anayetaka kujua mtoto amekaaje tumboni. Si ajabu, maana huko ndiko mashine hiyo inakojulikana zaidi. Watu wa Lilongwe huiita sikani, ndugu zetu waliotoka Uvira na Bukavu huiita ekografi, na wenzetu wa Tanzania na Kenya husema altrasaundi. Yote ni mashine moja. Katika toleo hili tumeona ni vema tuieleze kwa upande mwingine, upande unaotuhusu sisi tunaobeba marobota ya tumbaku, tunaoendesha foklifti ghalani, tunaochuma chai huko Thyolo na Mulanje, na tunaopanda matola alfajiri ili tuwahi zamu. Tutaeleza kazi yake katika chumba cha kupokelea majeruhi na wagonjwa wa ghafla.

Tuseme tangu mwanzo tunalolitaka. Tunataka mashine hii ikae pale machela inaposhushwa, iwe tayari usiku na mchana, na tabibu aliye zamu awe amefundishwa kuitumia kwa mkono wake mwenyewe. Mahali pengi mashine ipo hospitalini, lakini imefungiwa katika chumba chake mwisho wa ukumbi, na mwenye ufunguo amekwenda nyumbani jioni kama watu wote wa ofisi. Ajali hazingoji saa za ofisi.

DAMU ISIYOONEKANA

Chukua mfano wa mwenzetu anayepakia marobota kwenye lori kule Kanengo. Anateleza, anaanguka, anaangukia ubavu wa kushoto. Anainuka, anajifuta vumbi. Kapitao anamwuliza kama ameumia, naye anasema niko sawa, kwa sababu hakuna damu wala mfupa uliovunjika, na tena siku ya kazi isipotimia mshahara nao hautimii. Baada ya saa mbili anaanza kutoka jasho baridi, kiu inamshika, bega la kushoto linamuuma bila sababu. Wenzake wanasema ni jua.

Chini ya mbavu za kushoto kuna bandama, nyama laini iliyojaa damu. Ikipasuka, damu haitoki nje hata tone moja, inamwagika ndani ya tumbo. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi, na tumbo laweza kumeza lita mbili bila kuvimba kiasi cha mtu kushtuka. Tena mwili wa kijana mwenye nguvu ni mdanganyifu: mishipa inajibana, moyo unakwenda mbio, na kipimo cha presha kinaonyesha kwamba mambo si mabaya. Halafu ghafla presha inaanguka, na hapo wakati uliobaki ni mfupi.

Tabibu anayempokea mtu huyu ana mikono yake, kipimo cha presha na kile cha kusikilizia kifua. Akibonyeza tumbo litauma, lakini tumbo la mtu aliyeanguka huuma hata kama ni misuli tu. Zamani, ili kujua kama ndani kuna damu, walitoboa tundu chini ya kitovu, wakaingiza maji kwa mpira, wakayatoa tena na kuangalia kama yamegeuka mekundu. Njia hiyo ilisaidia, lakini ni kidonda juu ya kidonda. La sivyo walingoja waone atazidiwa au atapona. Huko kungoja kumewaua wafanyakazi wengi.

MASHINE ILIYOTOKA KWA MAFUNDI WA BOILA

Altrasaundi haitumii miali kama eksirei. Hutumia sauti tu, sauti nyembamba mno ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sikio letu linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutumia mitetemo milioni mbili na kuendelea. Kile kidude cha kushika mkononi, ambacho hapa tutakiita kichwa cha mashine, hupeleka sauti hiyo mwilini na kusikiliza mwangwi unaporudi. Ukigonga pipa unajua kwa mlio kama limejaa au ni tupu, na mvuvi wa ziwani mwenye chombo cha kisasa hutafuta samaki kwa mwangwi. Hapa nako kanuni ni hiyo hiyo. Nyama inarudisha mwangwi kidogo, mfupa unarudisha mwingi, na maji au damu iliyomwagika hairudishi kitu, sauti inapita tu. Kwa hiyo kwenye kioo damu huonekana kama doa jeusi mahali ambapo pasingepaswa kuwa na weusi.

Ile jeli baridi wanayopaka kwanza si dawa. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya kichwa cha mashine na ngozi, kwa sababu hewa huizuia sauti kama ukuta.

Sisi wa viwandani tuna sababu ya kujivunia kidogo katika habari hii. Mwaka 1955 daktari wa magonjwa ya wanawake mjini Glasgow, Ian Donald, alikwenda katika kiwanda cha maboila cha Babcock & Wilcox huko Renfrew. Mafundi wa pale walikuwa na mashine ya kupima chuma kilichochomelewa, ili waone kama ndani ya kiungo kuna ufa ambao macho hayauoni. Donald alifika na uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake katika upasuaji, na kiwandani wakampa kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Mashine ya kupimia boila ikatofautisha uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Baada ya hapo alifanya kazi pamoja na fundi kijana, Tom Brown, na daktari mwenzake John MacVicar, na mwezi Juni 1958 walitangaza matokeo yao katika jarida la Lancet. Basi mashine inayotafuta damu tumboni mwa mtu ni mjukuu wa mashine iliyotafuta ufa katika boila.

Kwa miaka mingi ilikuwa kubwa kama kabati, ikakaa katika chumba chake na wataalamu wake, nayo desturi hiyo ikaota mizizi. Madaktari wa Ujerumani na Japani walikuwa wa kwanza kuileta kwa majeruhi, katika miaka ya 1970 na 1980, na Marekani ikafuata katika miaka ya 1990. Siku hizi iko ya kubebwa kama mkoba, na tangu 2018 kumeuzwa aina ambayo kichwa chake huunganishwa na simu ya mkononi, ambayo mwanzoni iliuzwa kwa bei ya kama dola 2,000. Kwa mfanyakazi ni fedha nyingi, lakini kwa wizara, au kwa kampuni inayonunua magari ya mameneja, si fedha ya kutisha.

MAHALI PANNE

Uchunguzi wa majeruhi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tabibu haangalii kila kitu. Anauliza swali moja tu: je, kuna damu mahali isipotakiwa kuwapo? Anaweka kichwa cha mashine upande wa kulia chini ya mbavu, pale ini linapokutana na figo. Kisha upande wa kushoto, kati ya bandama na figo. Kisha juu ya kinena, kuzunguka kibofu. Kisha chini ya mfupa wa kifua, aone kama mfuko wa moyo umejaa damu. Akimaliza hapo anapanda kifuani pande zote mbili, aone kama pafu linateleza vizuri linapopumua au limesinyaa kwa hewa iliyovuja, na kama kuna damu iliyokaa chini yake. Aliyezoea hamalizi dakika tano, na mgonjwa hasogezwi hata hatua moja. Hilo la kutosogezwa ni kubwa. Mtu anayevuja damu akipelekwa kwenye chumba cha mbali akangoje kwenye benchi, huenda akafia njiani ndani ya hospitali.

Doa jeusi likionekana na presha inashuka, hakuna tena la kujadili. Mgonjwa anakwenda chumba cha upasuaji, au kama hapo hapana daktari wa upasuaji, anapewa gari la kwanza.

Jambo hili si la wanaume wa malori peke yao. Mwanamke mchuma chai au mchambua tumbaku anashikwa na maumivu chini ya tumbo, anasikia kizunguzungu, anaanguka kazini. Msimamizi anasema hajanywa chai asubuhi. Yawezekana ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, katika mrija, na mrija umepasuka. Mwenyewe labda hajui hata kama ana mimba, maana ni ya wiki chache tu. Kipimo cha mkojo kikisema mimba ipo, na altrasaundi ikaonyesha damu tumboni na mfuko wa uzazi mtupu, tabibu anajua anachopambana nacho kabla dada yetu hajazimia mara ya pili. Tunawaomba akina mama wa kamati za mashambani walieleze jambo hili kwa sauti. Wanaume huliona ni siri ya wanawake, na siri hiyo inaua.

JAMBO LILILOFANYIKA LILONGWE

Kuna kazi nyingine ya mashine hii ambayo Lilongwe ina sehemu yake katika historia. Kifua kikuu kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI mara nyingi hakikai mapafuni tu. Huingia tumboni, katika tezi, katika bandama, katika mfuko wa moyo. Mgonjwa anakonda, ana homa, lakini makohozi hayaonyeshi kitu, na wengine hawana makohozi kabisa. Daktari Tom Heller na wenzake walitengeneza utaratibu mfupi wa kutafuta kifua kikuu cha namna hiyo kwa altrasaundi walipokuwa hospitali ya Hlabisa, Afrika Kusini, na mwaka 2012 walichapisha maelezo yake pamoja na picha. Baadaye Heller alifanya kazi hiyo Lilongwe, katika kliniki ya Lighthouse iliyo kwenye Hospitali Kuu ya Kamuzu.

Utaratibu wenyewe unafanana na ule wa majeruhi. Je, kuna maji katika mfuko wa moyo? Kuna maji kifuani? Tezi za tumboni zimevimba? Bandama ina madoa madogo meusi? Mambo hayo yakionekana kwa mgonjwa wa namna hiyo, matabibu wana sababu ya kuanza dawa za kifua kikuu bila kungoja wiki nzima. Kwetu sisi tunaolala wengi chumba kimoja katika nyumba za mashamba, au nyumba zilizobanana za Dzaleka, dawa inayoanza mapema humlinda mgonjwa pamoja na wanaolala naye.

WENZETU WALIOANZA

Yafaa ieleweke kwamba hatuombi muujiza wa nchi tajiri. Katika Rwanda, mwaka 2008, matabibu wa hospitali mbili za mashambani upande wa mashariki, Rwinkwavu na Kirehe, walifundishwa kutumia altrasaundi. Katika kipindi kilichochunguzwa vilifanywa vipimo 345, na kati ya kila wagonjwa 100, 43 walibadilishiwa mpango wa matibabu kwa sababu ya kile kilichoonekana kwenye kioo. Hebu tufikiri maana ya hesabu hiyo. Karibu nusu ya wagonjwa wangetibiwa kwa njia nyingine kama mashine isingekuwapo.

Katika Uganda, hospitali ya Nyakibale wilayani Rukungiri ilianza mwaka 2009 kufundisha wauguzi kazi ya dharura, na altrasaundi ikawa moja ya zana zao. Picha zao zilitumwa mbali kwa njia ya intaneti, walimu wakazikagua na kuwarudishia majibu. Tunapenda kulikazia hilo: walikuwa wauguzi. Wale wanaosema kazi hii ni ya madaktari bingwa tu wangeanza kwa kuwaeleza wagonjwa wa Rukungiri. Na huko Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, na mwaka huo huo yakaanza masomo ya ubingwa wa tiba ya dharura.

Hapa Malawi, Hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre ilifungua kituo chake cha dharura cha watu wazima mwaka 2011. Hospitali Kuu ya Kamuzu nayo imeweka daftari la majeruhi tangu 2008, na daftari hilo linaonyesha kile tunachokiona barabarani kila siku: ajali za magari, kuanguka, na kupigwa. Majeruhi basi wapo, na wanajulikana kwa hesabu.

KWA NINI HAITUMIKI

Sababu ya kwanza tumekwisha itaja, nayo ni ufunguo. Mashine ya hospitali ni mali ya thamani, na mtu aliyekabidhiwa anaogopa ikiharibika ataulizwa yeye. Hofu hiyo hatuidharau. Karani yeyote wa stoo anaijua. Lakini dawa yake ni daftari la makabidhiano ya zamu kwa zamu, kama tunavyokabidhiana foklifti. Kuificha si dawa.

Sababu ya pili ni mafunzo. Mashine bila mafunzo ni pambo. Tumewahi kuona vyumba vya huduma ya kwanza viwandani vyenye kabati la vioo na vifaa vinavyong'aa ambavyo havijaguswa tangu siku ya kupigwa picha na wageni. Mwongozo wa madaktari wa dharura wa Marekani unasema mtu afanye vipimo 25 hadi 50 vya kila aina, vikaguliwe na anayejua, ndipo aaminiwe. Semina ya siku mbili hotelini, yenye chakula na posho, haitoshi.

Ya tatu ni umeme. Januari 2022 kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira, nchi ilipata upungufu mkubwa wa umeme kwa miezi mingi. Kwa bahati nzuri mashine hizi ndogo hutumia betri, nazo zaweza kuchajiwa mchana kwa jua. Jeli nayo huisha, na mahali fulani mashine nzima husimama kwa kukosa chupa ya jeli.

Kuna na sababu ya nne, ambayo kama chama cha wafanyakazi hatuwezi kuiruka. Mtaalamu wa picha, yule wa eksirei na sikani, ni mfanyakazi mwenzetu. Alisoma miaka mitatu au zaidi kwa kazi hiyo. Akisikia kila muuguzi atashika mashine, ana haki ya kuuliza mkate wake utakwenda wapi. Jibu letu ni kwamba kazi hizi ni mbili. Yeye hufanya uchunguzi kamili: anapima, analinganisha, anaandika ripoti. Tabibu wa usiku anauliza swali moja la ndiyo au hapana na kurudi kwenye machela. Tena anayefaa kumfundisha na kumkagua tabibu huyo ni yeye mtaalamu wa picha, na kwa kazi hiyo ya ualimu anastahili kulipwa. Vilevile muuguzi anayehudumia wodi nzima peke yake usiku hawezi kuongezewa mashine bila kuongezewa mwenzake. Tukidai mashine tudai na watu.

ISICHOWEZA

Tusije tukaiamini kama mganga wa kienyeji anavyotaka aaminiwe. Damu kidogo, chini ya kikombe, yaweza isionekane, na ndiyo maana majeruhi anayeendelea kuumwa hupimwa tena baada ya muda. Utumbo uliotoboka ni vigumu kuonekana. Damu iliyomwagika nyuma, karibu na uti wa mgongo, hujificha. Kichwani kwa mtu mzima haioni kitu cha kutegemewa, kwa sababu fupa la kichwa huizuia sauti. Kwa hiyo ukiambiwa sikani haikuonyesha damu, maana yake ni kwamba kwa saa ile haikuonekana. Usirudi shambani siku hiyo kuinua robota. Ukisikia kizunguzungu, tumbo kukaza, au bega kuuma bila kuguswa, rudi hospitali hata kama ni usiku wa manane.

MITUNDU NA DZALEKA

Mitundu iko kusini ya Lilongwe, kati ya mashamba ya tumbaku na mahindi, na hospitali yake ya jamii hupokea watu wa vijiji vingi. Majeruhi wengi hufika kwa kabaza, amekaa nyuma ya baiskeli huku mwingine akimshikilia. Dzaleka iko upande wa pili, kaskazini, wilayani Dowa. Zamani za Banda palikuwa gereza, na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa wamepita 50,000. Kituo chake cha afya huhudumia wakimbizi pamoja na Wamalawi wa vijiji vya jirani. Mgonjwa mzito hupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, na aliyezidi hupelekwa Lilongwe.

Mahali kama hapo ndipo mashine ndogo inapofaa zaidi kuliko hata mjini. Gari la wagonjwa likiwa moja na wagonjwa wakiwa watatu, ni nani atangulie? Yule anayelia sana siye lazima anayekufa. Anayevuja damu tumboni mara nyingi hunyamaza. Dakika tano za altrasaundi zaweza kumpa tabibu jibu, na akipiga simu Lilongwe kusema kuna damu tumboni, chumba cha upasuaji hutayarishwa gari likiwa bado barabarani.

Kila hospitali na kituo cha serikali kina kamati ya ushauri yenye wananchi ndani yake, na hospitali nyingi zina mtu wa kupokea malalamiko. Wajumbe wetu wa matawi wapeleke huko maswali haya, kwa heshima lakini bila kuzunguka: Mashine ya altrasaundi iko wapi saa nane za usiku? Nani katika zamu hiyo amefundishwa? Nani anakagua picha zake? Jeli hununuliwa kwa fungu gani? Ikiharibika, fundi hutoka wapi na baada ya siku ngapi? Hospitali yenye majibu ipewe shukrani, na isiyo nayo isaidiwe kuyatafuta. Kwa mwajiri tusidai mashine iwekwe katika zahanati ya kampuni ambako hakuna wa kuisoma. Tudai gari, dereva wa zamu ya usiku, na kwamba aliyeanguka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kukatwa mshahara.

Katika hospitali za serikali za Malawi huduma ya kawaida hailipiwi, na sikani ya dharura ni sehemu ya huduma hiyo. Anayekuomba kitu kidogo ili afungue chumba, mpeleke kwa yule wa malalamiko.

Jambo jingine ni kile kitabu cha afya ambacho kila mgonjwa hapa hubeba mwenyewe. Kama umeumia kazini, hakikisha tabibu ameandika humo siku, saa, jinsi ulivyoumia, na kilichoonekana katika sikani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inampa haki aliyeumia kazini, lakini wakati wa kudai kitasomwa kilichoandikwa, na yale ya mdomo mwajiri atasema hayakumbuki. Kitabu usimwachie kapitao akutunzie.

Mwisho ni neno kwa wasomaji wetu wa Kiswahili hasa. Mashine haihitaji mkalimani, lakini tabibu anamhitaji, kwa sababu bila kujua ulivyoumia hatajua aanzie wapi kutazama. Tunajua wapo wenzetu wanaokawia nyumbani kwa sababu Kichewa hakijawakaa mdomoni, au kwa kuogopa kuulizwa karatasi. Basi yashikeni maneno haya machache, muwafundishe na watoto, maana mara nyingi ni wao wanaotusindikiza. Ndagwa ni nimeanguka. Ndagundidwa ndi galimoto ni nimegongwa na gari. M'mimba mukundipweteka ni tumbo linaniuma kwa ndani. Kupuma kukundivuta ni napata taabu kupumua. Ndikumva chizungulire ni nasikia kizunguzungu. Na dada zetu waongeze hili, walitamke hata kama hawana hakika: mwina ndili ndi pakati, labda nina mimba.